Kubadilisha faili ya sauti kutoka MP3 kwenda FLAC

Kubadilisha faili ya sauti kutoka MP3 kwenda FLAC ni kitendo cha kuchukua sauti iliyobanwa kwa njia yenye upotevu na kuihifadhi upya katika fomati isiyo na upotevu. Programu nyingi za kompyuta na simu zinaweza kufanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Faili inayopatikana huwa kubwa kuliko ya kwanza, mara nyingi kwa zaidi ya mara tano, lakini ubora wa sauti yake hauongezeki. Sehemu za sauti zilizoondolewa wakati MP3 ilipotengenezwa hazimo tena ndani ya faili, hivyo hakuna fomati inayoweza kuzirudisha.

Jambo hilo hilo linahusu fomati nyingine za aina hizo mbili. Miongoni mwa fomati zenye upotevu ni MP3, AAC, Vorbis, Opus na AMR. Miongoni mwa zisizo na upotevu ni FLAC na ALAC, pamoja na WAV na AIFF ambazo kwa kawaida huhifadhi sauti bila kuibana kabisa.

Sauti ya kidijitali

Sauti ni mtikisiko unaosafiri hewani kwa mawimbi. Maikrofoni hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kifaa cha kurekodi hupima nguvu ya umeme huo mara nyingi kwa sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli, na huandikwa kama namba.

Katika diski ya CD ya muziki, sampuli huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani inaweza kuwa na mojawapo ya thamani 65,536. Idadi hiyo ya sampuli inatosha kuwakilisha masafa ya hadi hezi 22,050. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, na uwezo wa kusikia masafa ya juu hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Kwa kuwa CD ina njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, kila sekunde moja huhitaji biti 1,411,200. Wimbo wa dakika nne huchukua takriban megabaiti 42. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kwa kompyuta na intaneti ya miaka ya 1990, na hapo ndipo haja ya kubana sauti ilipotokea.

Mbano wenye upotevu

MP3 ilitokana na kazi ya watafiti kadhaa wa Ulaya na Marekani. Kati yao walikuwamo wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Fomati hiyo ni sehemu ya kiwango cha kimataifa cha MPEG-1 kilichochapishwa mwaka 1993, na kiambishi cha jina la faili ".mp3" kilichaguliwa mwaka 1995.

Mbano huu hutegemea udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa inapolia, sauti ndogo yenye masafa ya karibu nayo haisikiki, kama vile mnong'ono usivyosikika kando ya mashine ya kusaga. Hali hiyo huitwa ufunikaji. Kisimbaji, yaani programu inayotengeneza MP3, hugawa sauti katika vipande vifupi, huchunguza masafa yaliyomo katika kila kipande, kisha hukadiria ni yapi yatafunikwa na mengine.

Baada ya hapo hufanyika hatua inayoleta upotevu wenyewe: namba zinazowakilisha masafa hukadiriwa kwa kuzungushwa. Kwa mfano, kama namba mbili ni 1,013 na 987, zote mbili zinaweza kuandikwa kuwa 1,000. Mahali ambapo sikio halitarajiwi kutambua tofauti, namba huzungushwa kwa ukali zaidi, na nyingine huwa sifuri. Masafa ya juu sana huondolewa mara nyingi. Visimbaji vingi, vikitengeneza MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, hukata karibu kila kitu kilicho juu ya hezi 16,000 au 17,000.

Kwa njia hiyo wimbo wa megabaiti 42 unaweza kupungua hadi chini ya megabaiti 4, yaani takriban sehemu moja ya kumi na moja. Msikilizaji wa kawaida anaweza asitambue kilichopungua, hasa kiwango cha biti kikiwa juu. Hata hivyo kimepungua.

Mbano usio na upotevu

FLAC ilianzishwa na Josh Coalson, na toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2001. Tangu mwaka 2003 imekuwa chini ya shirika la Xiph.Org, na inaweza kutumiwa na mtu yeyote bila malipo. Kampuni ya Apple ilitoa fomati yake ya aina hiyo, ALAC, mwaka 2004, na kuiweka wazi mwaka 2011.

FLAC haitupi chochote. Hutumia ukweli kwamba sampuli zinazofuatana hukaribiana, hivyo inayofuata inaweza kubashiriwa. Tuseme sampuli nne ni 100, 102, 104 na 107. Kanuni ikiwa ni "endelea kwa hatua ile ile", sampuli ya tatu itabashiriwa kuwa 104, ambayo ni sahihi, na ya nne itabashiriwa kuwa 106, yaani kuna kosa la 1. Badala ya kuandika namba zote nne, inatosha kuandika mbili za kwanza, kanuni, na makosa: 0 na 1. Namba ndogo huhitaji biti chache. Wakati wa kucheza, kisimbuzi hufuata kanuni, huongeza makosa, na kupata sampuli zile zile bila tofauti hata ya biti moja.

Kwa kuwa hakuna kinachotupwa, mbano huu haupunguzi ukubwa kama MP3. Muziki wa CD uliowekwa katika FLAC kwa kawaida hubaki na nusu hadi asilimia 70 hivi ya ukubwa wake wa awali.

Kinachotokea wakati wa kubadilisha

Ubadilishaji kutoka MP3 kwenda FLAC huwa na hatua mbili. Kwanza, MP3 husimbuliwa, yaani hugeuzwa kuwa mfululizo wa sampuli kama zile zinazopelekwa kwenye spika wakati wa kusikiliza. Pili, sampuli hizo hubanwa kwa FLAC.

Katika hatua ya kwanza, kisimbuzi hukuta namba 1,000 katika mfano wa hapo juu na huitumia kama ilivyo. Hakina njia ya kujua kama awali ilikuwa 1,013, 987 au namba nyingine, kwa sababu habari hiyo haikuandikwa popote. Katika hatua ya pili, FLAC huhifadhi kwa uaminifu kamili sampuli ilizopewa, pamoja na kasoro zote zilizoletwa na MP3. Neno "isiyo na upotevu" lina maana kwamba fomati haiongezi upotevu mpya. Halina maana kwamba sauti iliyoingizwa ilikuwa kamili.

Hali hii inafanana na unga wa mahindi. Mahindi yakikobolewa na kusagwa kuwa sembe, kumwaga sembe hiyo katika gunia kubwa hakuigeuzi kuwa dona. Gunia litahifadhi unga wote uliomo bila kumwaga hata chembe, lakini pumba na kiini vilibaki mashineni.

Ongezeko la ukubwa wa faili halitokani na habari mpya. FLAC hulazimika kueleza kila sampuli kamili, wakati MP3 ilieleza tu masafa yaliyobaki. Wimbo wa dakika nne uliokuwa na megabaiti 3.8 katika MP3 ya kilobiti 128 unaweza kufikia megabaiti 20 au zaidi ukiwekwa katika FLAC, na msikilizaji atasikia sauti ile ile.

Safari ya kurudi pia ina hasara. FLAC iliyotokana na MP3 ikibanwa tena kuwa MP3, haitoi faili ya kwanza, kwa sababu kisimbaji huanza kukadiria na kuzungusha namba upya. Upotevu wa pili huongezwa juu ya ule wa kwanza. Aidha, visimbaji vingi vya MP3 huongeza ukimya mfupi sana mwanzoni na mwishoni mwa wimbo, na programu ya kubadilisha isipouondoa, ukimya huo huingia kwenye FLAC. Katika muziki uliorekodiwa kwa sauti kubwa mno, kusimbua MP3 kunaweza pia kutoa vilele vinavyozidi kiwango kinachoruhusiwa, na vilele hivyo hukatwa vinapoandikwa kwa biti 16.

Aina nne za ubadilishaji

Athari ya kubadilisha fomati hutegemea mwelekeo wake:

- Isiyo na upotevu kwenda isiyo na upotevu, kwa mfano WAV kwenda FLAC: hakuna kinachopotea, na inawezekana kurudi.
- Isiyo na upotevu kwenda yenye upotevu, kwa mfano FLAC kwenda MP3: upotevu hutokea mara moja.
- Yenye upotevu kwenda yenye upotevu, kwa mfano AAC kwenda MP3: upotevu hutokea mara ya pili. Kubadilisha MP3 ya kilobiti 128 kuwa ya kilobiti 320 kuko katika kundi hili. Faili hukua, na ubora hushuka kidogo badala ya kupanda.
- Yenye upotevu kwenda isiyo na upotevu, kwa mfano MP3 kwenda FLAC: ubora hubaki takriban ule ule, faili hukua, na alama ya chanzo chake inaweza kupotea.

Wakati ambapo ubadilishaji una maana

Zipo sababu halali za kubadilisha MP3 kuwa WAV au FLAC. Ya kwanza ni uhariri. Mtu anayetaka kukata, kuunganisha au kusafisha rekodi iliyopo katika MP3 tu, akihifadhi kazi yake kama MP3 kila anapomaliza hatua moja, huongeza upotevu kila mara. Akiigeuza kuwa WAV au FLAC mwanzoni na kuendelea nayo hadi mwisho, huzuia hasara hiyo ya kurudiarudia. Kwa kazi ya kukata tu, zipo programu kama mp3DirectCut zinazokata MP3 bila kuisimbua, na kwa hiyo bila upotevu wowote mpya.

Sababu ya pili ni mahitaji ya vifaa na programu. Kutengeneza CD ya muziki inayochezwa na redio za kawaida za CD huhitaji sauti isiyobanwa, na programu nyingine za uchambuzi wa sauti hupokea WAV pekee. Katika hali hizo faili mpya ni ya matumizi ya muda, na MP3 ya awali inapaswa kutunzwa.

Jumbe za sauti za WhatsApp ni mfano unaojulikana na wengi. Hubanwa kwa Opus, fomati iliyokubaliwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Mwandishi wa habari au mtafiti anayepokea mahojiano kwa njia hiyo anaweza kuyageuza kuwa WAV ili ayahariri. Nakala ya kuhifadhiwa kama ushahidi, hata hivyo, ni ile faili ya Opus iliyopokelewa, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na mzungumzaji.

Madhara katika uhifadhi wa kumbukumbu

Swali la chanzo cha faili ni zito zaidi katika nyaraka za sauti. Nyimbo za bendi, taarab, hotuba, ngano na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki zilirekodiwa kwa miongo mingi katika santuri na mikanda ya sumaku, nyingi zikiwa katika vituo vya redio za taifa kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Mikanda huchakaa, na mashine za kuichezea huzidi kuwa adimu. Mara nyingi nafasi ya kuihamishia kwenye kompyuta huja mara moja tu.

Chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti na picha za kusikika, IASA, hushauri kwamba nakala kuu ya kuhifadhi isibanwe kwa njia yenye upotevu, na kwamba sauti ya analogi ihamishwe kwa angalau sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli. MP3 inaweza kutengenezwa baadaye kwa ajili ya kusikilizwa au kutumwa, lakini si badala ya nakala kuu.

Hatari hutokea pale mkanda unapohamishwa kwanza kuwa MP3 ili kuokoa nafasi, kisha MP3 hiyo ikageuzwa kuwa FLAC bila maelezo. Mtu anayeipokea miaka kumi baadaye huona fomati inayoheshimika na kudhani ana nakala kamili. Anaweza kuona hakuna haja ya kuutafuta mkanda, au kukubali utupwe. Fomati ya faili huwa imetoa ushahidi usio wa kweli kuhusu chanzo chake, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo rekodi iliyozaliwa ikiwa MP3, kwa mfano katika kinasa sauti kidogo cha mkononi, inashauriwa ihifadhiwe kama MP3. Ikilazimika kubadilishwa, sehemu ya maelezo iliyomo ndani ya faili za FLAC inaweza kutumiwa kuandika wazi kwamba chanzo ni MP3, kiwango chake cha biti, na tarehe ya kubadilishwa.

Kutambua FLAC iliyotokana na MP3

Kila faili ya FLAC huweza kubeba namba ya uhakiki ya MD5 iliyokokotolewa kutokana na sampuli zilizoingizwa. Namba hiyo huonyesha kama faili imeharibika tangu ilipotengenezwa. Haisemi chochote kuhusu yaliyoipata sauti kabla ya hapo, hivyo FLAC iliyotokana na MP3 hufaulu uhakiki huo bila shida.

Njia inayotumika zaidi ni spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda. Programu huria ya Audacity inaweza kuichora. Katika muziki uliotoka kwenye CD, masafa ya juu hufifia polepole kuelekea hezi 20,000 au zaidi. Katika uliopitia MP3 ya kiwango cha chini, picha mara nyingi huonyesha mkato ulionyooka karibu na hezi 16,000, pamoja na matundu madogo katika masafa ya juu. Kwa masikio, kasoro hudhihirika zaidi katika makofi ya hadhira, matoazi yanayosikika kama maji yanayotiririka, na mshindo mkali wa ngoma unaotanguliwa na mvumo hafifu.

Ushahidi huo una mipaka. MP3 ya kilobiti 320 hukata masafa karibu na hezi 20,000, na ni vigumu kuitambua kwa macho. Kwa upande mwingine, kukosekana kwa masafa ya juu si uthibitisho wa MP3. Santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay, Uhindi, mwaka 1928, hazikubeba masafa ya juu kama rekodi za leo, na nakala yake iliyohamishwa kwa uangalifu mkubwa bado itaonyesha nafasi tupu juu ya spektrogramu. Kwa hiyo picha husomwa pamoja na historia ya rekodi yenyewe.

Programu za kuboresha sauti

Zipo programu, zikiwemo zinazotumia akili mnemba, zinazodai kurudisha sauti iliyopotea katika MP3. Programu hizo hubuni masafa ya juu kwa kufuata mifano ya rekodi nyingine. Matokeo yanaweza kupendeza masikioni, na yana nafasi yake katika burudani. Hata hivyo kinachoongezwa ni makisio ya programu, si sauti iliyokuwa mbele ya maikrofoni. Kwa utafiti wa lugha, ushahidi wa mahakamani au uhifadhi wa historia, sauti ya namna hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya rekodi ya asili.

Uchaguzi wa fomati

Mtu anayetaka ubora wa FLAC anahitaji kurudi kwenye chanzo: CD, mkanda, santuri, faili ya studio, au duka linalouza nyimbo katika fomati isiyo na upotevu. Kama chanzo hakipatikani, MP3 iliyopo ndiyo nakala bora iliyobaki, na kuiacha kama ilivyo huokoa nafasi na huhifadhi ukweli kuhusu asili yake.

Kwa kusikiliza kwa kawaida, tofauti kati ya FLAC halisi na MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa kiwango cha juu cha biti ni ndogo, na watu wengi hawaitambui wanapopimwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Tena, spika za masikioni za Bluetooth kwa kawaida hubana sauti upya kwa njia yenye upotevu kabla ya kuipeleka hewani, hata kama faili iliyo kwenye simu ni FLAC. Faida kubwa ya fomati isiyo na upotevu ni uhifadhi: kutokana na nakala moja kamili inawezekana kutengeneza MP3, Opus au fomati yoyote itakayobuniwa baadaye, kila mara kwa upotevu wa mara moja tu.